Bendi ya Pili Haikuwa Februari

Faili lenyewe halikuwa na kasoro ambayo programu yoyote ingeweza kuilalamikia. Lilikuwa GeoTIFF, yaani faili la picha lenye taarifa za mahali pake kwenye ramani, na lilikuwa na bendi, au tabaka za thamani, kumi na mbili, kila bendi ikibeba mvua ya mwezi mmoja wa mwaka 2019. Makadirio yake ya ramani yalikuwa sahihi, pikseli zake zilikaa zilipotakiwa kukaa, na lilifunguka bila taabu katika kila chombo nilichojaribu. Nilipochora mstari wa mvua ya mwaka mzima kwa pikseli moja, mstari ule ulipanda ghafla mwezi wa pili, ukakaa juu kwa miezi mitatu, kisha ukaporomoka. Mwenzangu aliyekuwa akiutazama aliuliza, kwa upole ambao nilipaswa kuuelewa mapema zaidi, kama eneo lile hupata mvua kubwa mwezi Februari. Halipati.

Ilinichukua sehemu kubwa ya siku kugundua kilichotokea. Mafaili ya awali yalikuwa na majina mvua_1.tif, mvua_2.tif, na kuendelea hadi mvua_12.tif, na skripti yangu iliyapanga kwa alfabeti kabla ya kuyaunganisha. Kwa alfabeti, kumi hutangulia mbili. Kwa hiyo bendi ya kwanza ilikuwa Januari, ya pili Oktoba, ya tatu Novemba, ya nne Desemba, na Februari ikasukumwa hadi nafasi ya tano. Kosa la kupanga ni la kitoto, na kila anayeshughulika na mafaili mengi amelifanya angalau mara moja. Lililonikera zaidi ni kwamba nilipolifungua faili lile kutafuta ushahidi, halikuwa na neno hata moja la kunieleza bendi ipi ni ya mwezi gani. Siku nilipoliunda, ujuzi huo ulikuwa kichwani mwangu na katika majina ya mafaili ya awali, nami nikayafuta mafaili hayo ili nipate nafasi kwenye diski.

Tangu hapo huwa naandika maelezo ya kila bendi ndani ya faili lenyewe. Ningependa kueleza yanapokaa maelezo hayo hasa, kwa sababu niliyatumia kwa miezi kadhaa kabla ya kujua, na kutojua huko kulinigharimu mara ya pili.

Chanzo cha ukimya ule ni TIFF yenyewe, umbizo la picha ambalo GeoTIFF imejengwa juu yake. Toleo la sita la vipimo vyake lilitolewa mwaka 1992 na kampuni ya Aldus, iliyokuwa ikishughulika na uchapishaji, si ramani. Faili la TIFF huanza na baiti nane: mbili zinaeleza mpangilio wa baiti, mbili zinabeba nambari 42, na nne zilizobaki zinaelekeza ilipo orodha ya tagi. Kila tagi ni kisanduku cha baiti 12 chenye nambari ya tagi, aina ya data, idadi ya thamani, na thamani yenyewe au anwani inapopatikana. Tagi 256 inataja upana wa picha, 257 inataja kimo chake, na 277 inasema kila pikseli ina sampuli ngapi. Hiyo 277 ndiyo inayozaa kile tunachokiita bendi. Faili langu lilikuwa na 12 katika tagi hiyo, na hapo ndipo maelezo yake kuhusu bendi yalipoishia. Tagi 262 inaweza kueleza kwamba sampuli tatu za mwanzo ni nyekundu, kijani na buluu, jambo linalomtosha mchapaji wa majarida, lakini haina namna ya kusema kwamba sampuli ya pili ni mvua ya Oktoba kwa milimita.

GeoTIFF, ambayo vipimo vyake vya kwanza vilikamilika mwaka 1995, iliongeza tagi za mahali: ukubwa wa pikseli katika 33550, nukta za kufungia picha kwenye ramani katika 33922, na mfumo wa viwianishi katika 34735. Zote zinaieleza picha nzima kwa pamoja. Hakuna hata moja inayohusu bendi moja moja, na toleo la mwaka 2019 lililopitishwa na OGC, shirika la viwango vya data za ramani, kuwa kiwango rasmi halikulibadilisha hilo.

Pengo hilo lilizibwa na GDAL, maktaba iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998 na ambayo leo imo ndani ya karibu kila programu ya ramani tunayotumia, hata pale ambapo jina lake halionekani. GDAL ilijitengea tagi yake, nambari 42112, na ndani yake huandika kipande cha maandishi ya XML. Nilipolirekebisha faili langu, mwanzo wa kipande hicho ulisomeka hivi:

<GDALMetadata>
  <Item name="MWEZI" sample="0">2019-01</Item>
  <Item name="DESCRIPTION" sample="0" role="description">mvua 2019-01</Item>
  <Item name="MWEZI" sample="1">2019-10</Item>
  <Item name="DESCRIPTION" sample="1" role="description">mvua 2019-10</Item>
</GDALMetadata>

Inafaa kuvisoma vistari hivi polepole. Kila kipengele kina jina, thamani, na sifa ya sample inayokifunga kwenye bendi moja. Kipengele kisicho na sample ni cha faili zima. Sifa ya role inatenganisha maelezo yaliyo na nafasi yake rasmi ndani ya GDAL, kama vile jina la bendi, kipimo chake, nambari ya kuzidisha na nambari ya kujumlisha, na yale ambayo mtumiaji ameyabuni mwenyewe, kama MWEZI wangu. Kuna mtego pia: sample huhesabiwa kuanzia sifuri, ilhali bendi za GDAL huhesabiwa kuanzia moja. Ukipitia maktaba hutaiona tofauti hiyo, kwa kuwa maktaba inakubadilishia. Lakini ukiitengeneza XML kwa mkono, au ukiisoma kwa chombo kinachoonyesha tagi mbichi, na ukasahau kwamba sample="1" ni bendi ya pili, utakuwa umeyasogeza maelezo yote kwa nafasi moja. Maelezo yaliyosogea ni mabaya kuliko kutokuwa na maelezo, maana msomaji atayaamini.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba tagi 42112 si sehemu ya kiwango cha GeoTIFF. Programu isiyotumia GDAL ina haki kamili ya kuiruka, na programu ya kuhariri picha za kawaida ikilifungua faili na kulihifadhi upya inaweza kuitupa pamoja na tagi za mahali. GDAL yenyewe ina chaguo liitwalo PROFILE, linalotumika wakati wa kuunda faili, na ukichagua thamani ya GeoTIFF au BASELINE badala ya ile ya kawaida ya GDALGeoTIFF, tagi hiyo haiandikwi ndani ya faili kabisa. Chaguo hilo hukutwa limenakiliwa katika skripti za zamani na watu wasiojua liliwekwa kwa sababu gani.

Je, ni mambo gani yanayostahili kuandikwa? Mimi huanza na jina la bendi, kwa sababu ndilo ambalo programu nyingi hulionyesha bila kuombwa. Katika programu ya ramani ya QGIS, kwa mfano, bendi yenye jina huonekana kwa jina hilo katika orodha ya kuchagua bendi, na isiyo na jina huonekana kwa nambari tupu. Baada ya jina huja wakati, kipimo, na zile nambari mbili za kubadilisha thamani zilizohifadhiwa ziwe thamani halisi. Hizo nambari mbili zinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndizo zinazoharibu matokeo bila kuacha alama.

Chukua picha za setilaiti za Sentinel-2. Mwangaza uliorudishwa na ardhi huhifadhiwa humo kama nambari nzima, ambayo hugawanywa kwa 10000 ili kupata thamani halisi. Kuanzia tarehe 25 Januari 2022, toleo jipya la uchakataji lilianza kuongeza 1000 katika kila thamani, hivyo msomaji anatakiwa kutoa 1000 kwanza ndipo agawanye. Sasa tuseme pikseli moja ina 1400 katika bendi nyekundu na 4000 katika bendi ya infraredi ya karibu. Ukikumbuka kutoa, unapata 400 na 3000, na kielezo cha uoto, yaani NDVI, ambacho ni tofauti ya bendi hizo mbili ikigawanywa kwa jumla yake, kinakuwa 2600 kwa 3400, karibu 0.76. Ukisahau, kinakuwa 2600 kwa 5400, karibu 0.48. Namba ya kwanza inaonyesha uoto mnene, na ya pili inaonyesha uoto wa wastani. Zote mbili ni namba zenye kuaminika, hakuna programu itakayotoa onyo, na ukilinganisha picha ya 2021 na ya 2023 utaandika ripoti nzima kuhusu uharibifu wa misitu ambao haukutokea.

Katika mafaili ya asili ya Sentinel-2 taarifa hiyo ipo, lakini imo katika faili la XML lililo kando ya picha, na kila bendi ni faili lake la JPEG 2000. Siku unapoziunganisha bendi nne unazozihitaji ziwe GeoTIFF moja, ile XML inabaki nyuma kwenye folda ambayo siku moja utaifuta. Ni hadithi ileile ya mvua_1 na mvua_10 kwa sura nyingine: anayejua anaachwa, na asiyejua ndiye anayesafirishwa.

Hata nambari ya bendi yenyewe si utambulisho. Katika setilaiti ya Landsat 5, infraredi ya karibu ni bendi ya nne na nyekundu ni ya tatu. Katika Landsat 8, iliyorushwa Februari 2013, infraredi ya karibu ni ya tano, nyekundu ni ya nne, na ya tatu ni kijani. Skripti ya zamani inayotumia bendi ya nne na ya tatu ikipewa picha ya Landsat 8 italinganisha nyekundu na kijani, na jibu litakaa vizuri kati ya hasi moja na moja, kama kawaida. Ndiyo maana kwenye picha za setilaiti huwa naandika pia urefu wa wimbi wa katikati wa kila bendi. Bendi iliyoandikwa nanomita 665 ni nyekundu, hata ikiwekwa nafasi ya saba na mtu asiyejulikana.

Kuna kitu kimoja ambacho ungetarajia kukiandika kwa kila bendi na huwezi: thamani inayomaanisha kwamba hakuna data. GDAL huiweka katika tagi 42113, na tagi hiyo hubeba thamani moja tu kwa faili zima. Ukijaribu kuipa bendi ya pili thamani tofauti na ya kwanza, maktaba itakuonya kwamba GeoTIFF haina nafasi ya thamani mbili. Ikiwa bendi zako zinatofautiana katika hilo, zisawazishe kabla ya kuunganisha, au ziache katika mafaili tofauti. Nimewaona watu wakiandika thamani ya pili kama kipengele walichokibuni wenyewe, lakini hakuna programu itakayokiheshimu, kwa hiyo sioni faida yake.

Kuhusu namna ya kuandika, katika Python mimi hutumia rasterio, maktaba ya kushughulikia rasta (picha za pikseli), na mistari inayohitajika ni michache:

with rasterio.open("mvua_2019.tif", "r+") as f:
    f.update_tags(2, MWEZI="2019-10")
    f.set_band_description(2, "mvua 2019-10")

Nambari 2 iliyo mwanzoni mwa mabano ndiyo inayosema kwamba maelezo ni ya bendi ya pili. Ukiiacha, MWEZI utaandikwa kama sifa ya faili zima, na hutapata kosa lolote. Wanaotumia GDAL moja kwa moja huchukua bendi kwa GetRasterBand, kisha huita SetMetadataItem na SetDescription juu yake, na hawana budi kulifunga faili vizuri mwishoni, kwa sababu maandishi hayafiki kwenye diski mpaka faili lifungwe au liamriwe kuandikwa. Asiyependa kuandika msimbo anaweza kutumia amri ya gdal_translate kutengeneza faili la VRT, yaani faili la XML linaloelekeza kwenye rasta ya awali, kulifungua kwa kihariri cha maandishi, kuongeza ndani ya kila VRTRasterBand kipande cha Metadata chenye mistari ya MDI, kisha kuligeuza kuwa GeoTIFF. Njia hiyo ni ya mzunguko, lakini ina uzuri wake: unaona kila unachokiandika, na faili la awali haliguswi.

Thamani zote huhifadhiwa kama maandishi. Ukiandika mwezi kama 10, utausoma kama herufi mbili, moja na sifuri, na ukizipanga bendi zako kwa kutumia thamani hiyo bila kuigeuza kuwa nambari, kumi itatangulia mbili kwa mara nyingine. Ndiyo maana naandika 2019-02 na 2019-10, kwa mtindo wa ISO 8601, ambao hujipanga vizuri hata ukichukuliwa kama maandishi. Nilikuwa nimeshajifunza hilo kwa majina ya mafaili, na nusura nilirudie kwa metadata, yaani maelezo haya ya bendi.

Nikifika kwenye lile kosa la pili nililolitaja mwanzoni, lilihusu hali ya kufungua faili. Katika mfano wa hapo juu, ile "r+" inafungua faili kwa kusoma na kuandika. Lakini katika GDAL unaweza kufungua GeoTIFF kwa hali ya kusoma tu, ukaita SetMetadataItem, na ikakubali. Haikatai kwa sababu ina mahali pengine pa kuandika: faili la pembeni lenye jina la rasta likifuatwa na .aux.xml. Ukilifungua faili tena kwenye kompyuta hiyohiyo, maelezo yanaonekana kana kwamba yamo ndani, kwa kuwa maktaba inasoma sehemu zote mbili na kukuonyesha jibu moja. Nilifanya kazi hivyo kwa muda mrefu nikiwa na imani kamili. Siku moja nikamtumia mtu faili la .tif peke yake, akanijibu kwamba bendi zake hazina majina. Nilimbishia kwa barua mbili kabla ya kwenda kuangalia folda yangu na kuona kwamba maelezo yote yalikuwa yamelala nje ya nyumba.

Faili la pembeni lina tatizo jingine ambalo ni la kijamii kuliko la kiufundi. Mafaili ya .aux.xml huzaliwa yenyewe kila mara programu inapokokotoa takwimu za rasta, iwe kwa gdalinfo, amri ya kuonyesha maelezo ya rasta, ikipewa chaguo la -stats au kwa kufungua tu picha katika programu ya ramani, na mara nyingi hayana cha maana zaidi ya thamani ya chini, ya juu na wastani. Kwa hiyo watu wamezoea kuyaona kama takataka na kuyafuta kwa amri moja, nami nimo miongoni mwao. Kuweka maelezo ya pekee ya bendi mahali ambapo kila mtu amezoea kufagia ni kuyatafutia ajali. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: nakili faili la .tif peke yake katika folda tupu, kisha liendeshee gdalinfo. Yanayoonekana hapo ndiyo yaliyomo ndani, na yasiyoonekana hayasafiri.

Kuyaandika, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuyavusha katika hatua zinazofuata, kwa sababu faili la rasta mara chache hubaki kama lilivyoundwa: hukatwa, huungwa na jirani yake, hubadilishiwa makadirio, hufanyiwa hesabu. Zana hazikubaliani kuhusu la kufanya na metadata ya bendi. Amri ya gdal_translate huibeba, hata ukichagua bendi chache na kubadilisha mpangilio wake. Skripti za gdal_merge.py (ya kuunganisha) na gdal_calc.py (ya hesabu) huunda faili jipya lisilo nayo, na kwa gdal_calc.py hilo naliona kuwa sawa, kwa sababu matokeo ya hesabu si bendi ileile tena na kuibebesha jina la zamani kungekuwa uongo.

Amri ya gdalwarp, ya kubadilisha makadirio na kuunganisha, ina tabia yake ya pekee. Ukiipa mafaili kadhaa ya kuunganisha, hulinganisha maelezo yake. Yanayofanana huyaacha, na yanayotofautiana huyabadilisha kwa kinyota kimoja. Mara ya kwanza nilipoona bendi yangu ina TAREHE yenye thamani ya * nilidhani faili limeharibika. Ukweli ni kwamba picha mbili za jirani zilipigwa siku tofauti, na kinyota kilikuwa kikisema kwa uaminifu kwamba hakuna tarehe moja ya kuitaja. Chaguo la -cvmd hukuruhusu kuweka neno jingine badala ya kinyota, au kukiondoa kipengele chote kwa kuacha thamani tupu. Mimi hukiacha kinyota, kwani kinanikumbusha kwamba ile ni picha ya kushona.

Katika rasterio upotevu hutokea kwa njia ya kawaida kuliko zote. Mtindo unaofundishwa kila mahali ni kuchukua profile ya faili la chanzo na kuitumia kuunda faili jipya. Profile inabeba upana, kimo, aina ya data, mfumo wa viwianishi, mbano, na thamani ya kukosa data. Haibebi tagi wala majina ya bendi. Kwa hiyo nimeongeza mistari miwili katika kila skripti yangu inayonakili rasta:

mpya.descriptions = chanzo.descriptions
for i in chanzo.indexes: mpya.update_tags(i, **chanzo.tags(i))

Mistari hii huhitaji tahadhari moja. Ikiwa pikseli zimebadilika kati ya chanzo na matokeo, vipengele vinavyoanza na STATISTICS vitakuwa vinasema habari za pikseli za zamani, na programu ya ramani itazitumia kupanga rangi. Viondoe kabla ya kunakili.

Wanaotoa mafaili yao kupitia seva kwa mtindo wa COG, yaani GeoTIFF iliyopangwa ili isomwe kipande kwa kipande kupitia mtandao, wanapaswa kuandika maelezo kabla ya kuunda faili la mwisho. COG hutegemea orodha za tagi kuwa mwanzoni mwa faili, kabla ya data ya picha. Ukiongeza maelezo baadaye na orodha ikapanuka, haitoshei tena pale ilipokuwa, nayo huandikwa upya mwishoni mwa faili, na mpangilio wote unavunjika ingawa faili linafunguka kama kawaida. Matoleo ya karibuni ya GDAL hukataa kufungua COG kwa ajili ya kuhariri mpaka utamke wazi, kwa chaguo la IGNORE_COG_LAYOUT_BREAK, kwamba umekubali hasara hiyo.

Wapo watakaosema kwamba shida yote hii ni ya kujitakia, kwa kuwa kuna maumbizo yaliyozaliwa na uwezo huo. Wana haki kwa kiasi kikubwa. Katika NetCDF kila kigeu kina sifa zake, na kanuni za CF, zinazotumika kwa data za hali ya hewa, zimeshakubaliana majina ya sifa hizo, kuanzia units hadi scale_factor na add_offset, huku wakati ukiwa mhimili halali na si neno lililobandikwa. Katika GRIB, kila ujumbe hubeba maelezo yake wenyewe. Hata ENVI, kwa faili lake la maandishi matupu lililo kando ya data, ina mahali rasmi pa majina ya bendi na urefu wa mawimbi. Mfululizo wa miaka thelathini wa data za kila siku singeuweka katika GeoTIFF hata kwa kulazimishwa. Lakini watu ninaowapelekea kazi hutumia GeoTIFF, programu zao zinaipenda, na rasta ya bendi kumi na mbili si kitu cha kumhamishia mtu nyumba.

Kuhusu kiasi cha kuandika, nimejizuia kufikia vipengele vitano au sita kwa kila bendi, kwa herufi kubwa bila nafasi, na majina yaleyale katika kila mradi. Niliwahi kuweka historia nzima ya uchakataji katika kipengele kimoja cha bendi, aya tatu kamili zikirudiwa mara kumi na mbili, na matokeo yake ni kwamba kila mtu aliyeendesha gdalinfo alilazimika kupita ukurasa baada ya ukurasa kabla ya kuona ukubwa wa picha. Historia ni ya faili zima, na ikiwa ndefu inafaa kukaa katika hati yake au katika orodha ya STAC, yaani katalogi ya data za ramani na setilaiti. Kilicho cha bendi ni kile kinachoitofautisha na bendi iliyo jirani yake.

Faili lile la mvua bado ninalo. Nilifikiria kuzipanga bendi upya kwa gdal_translate na mlolongo wa -b kumi na mbili, ili Februari irudi nafasi ya pili, lakini nakala zake zilikuwa zimeshasambaa, na kuwa na mafaili mawili yenye jina moja na mpangilio tofauti kungezaa balaa jingine. Basi pikseli niliziacha zilipo, nikaandika mwezi wa kila bendi katika tagi, nikathibitisha katika folda tupu kwamba maandishi yamo ndani, na nikabadilisha skripti zangu zitafute bendi kwa MWEZI wake badala ya nambari yake. Bendi ya pili ingali Oktoba, ila sasa inajitaja.